Kiinua Mgongo

Kiswahili kina utani wake na watumishi wa serikali. Fedha anazokabidhiwa mtu siku anayoaga kazi tumeziita kiinua mgongo, kana kwamba kwa miaka yote ile alikuwa ameinama anapalilia, na sasa anaambiwa asimame ajinyooshe. Mimi niliacha ualimu mwaka 2017, baada ya miaka 34 ya kufundisha fizikia na hesabu katika skuli za Unguja, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu niliitumia kununua pikapu kuukuu kwa ajili ya mgongo usiokuwa wangu.

Mgongo huo ulikuwa wa mama yangu, ambaye maskani yake ni Jambiani. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje mwaka 1989 na kuenea katika vijiji vya pwani ya mashariki, yeye hakuchelewa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akishuka pwani kila bamvua, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba, akivuna, akijitwisha mzigo unaochuruzika maji na kuupandisha mpaka mahali pa kuanika. Watoto wake wadogo walisomeshwa na mzigo ule. Vuli ya mwaka 2017, hali mwani amekwisha kuuacha siku nyingi, aliinua ndoo ya maji uwani kwake akasikia kitu kimealika kiunoni. Picha ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea upande mmoja, mfano wa kopo lililokanyagwa. Daktari alimwandikia dawa, akampa kadi ya kurudi kila mwezi, kisha akanivuta kando na kunitajia masharti matatu: asibebe kitu, asianguke, na asirushwerushwe na gari.

Masharti mawili ya mwanzo tuliyaweza. La tatu lilitutia mashakani, kwa kuwa baina ya Jambiani na hospitali ya mjini pana kilomita zipatazo 55, na mama alikuwa na usafiri mmoja tu alioujua maishani mwake, nao ni gari ya shamba. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Lakini kwa kuwa gari hizo haziko nyingi kama zamani, na vijana wa leo wamezoea mabasi madogo ya Kijapani, acha niseme machache. Gari ya shamba ni lori ambalo mwili wake umejengwa hapa hapa na maseremala wetu, kwa mbao, paa lake la chini, na mabao mawili marefu ubavuni ambapo abiria hutazamana magoti kwa magoti. Juu ya paa hupakiwa mikungu ya ndizi, matenga ya samaki, baiskeli, na pengine kabati la bibi harusi. Mama alizipanda tangu usichana wake na alikuwa na elimu yake kamili juu yake. Usikae juu ya gurudumu la nyuma, alikuwa akitwambia. Ukikaa nyuma ya gurudumu ndiyo umejitakia mwenyewe. Kaa mbele karibu na dereva hata kama moshi utakuumiza macho. Tulimtii bila ya kuuliza sababu, nami nilikuja kujua sababu nikiwa chuoni, nilipofundishwa nyenzo na egemeo.

Baada ya kuumia alisafiri mara mbili. Mara ya kwanza alinyamaza njia nzima. Mara ya pili, kwenye matuta ya Jozani, alilia. Sikuwahi kumwona mama yangu akilia kwa maumivu ya mwili, hata siku alipochomwa na mwiba wa taa pwani akabebwa kuletwa nyumbani. Alipofika kwake alisema kuwa kadi ya hospitali tumpe mtu mwingine, yeye atakaa na maumivu yake aliyokwisha kuyazoea. Miezi miwili ikapita hakwenda, na dawa zikamalizika.

Mdogo wangu, ambaye ana akili ya biashara kuliko mimi, alinishauri ninunue gari ndogo ya kutembelea, laini, ya kukaa watu wanne. Shauri hilo lilikuwa la maana, na lau ningelifuata insha hii isingeandikwa. Lakini mstaafu hufanya hesabu zake usiku. Gari ndogo ingempeleka mama mjini mara moja kwa mwezi, na siku ishirini na tisa zilizobaki ingekula bima, leseni na kutu. Pikapu ingebeba nazi, mbao, mifuko, ikajilipia mafuta. Isitoshe, njia za ndani ya kijiji chetu ni mawe ya uwanda yaliyochongoka, na gari ya tumbo la chini ingeacha utumbo wake humo. Nikaamua pikapu. Nilijiambia kuwa gari ni gari. Ikiwa inakwenda, inaweza kufundishwa kwenda polepole.

Nilizunguka wiki tatu, Amani, Mtoni, Mwanakwerekwe, kila anaponiambia mtu kuna gari inauzwa. Gari nyingi za kisiwani petu ni mitumba kutoka Japani, na sababu haikujificha: Wajapani hupita mkono wa kushoto kama sisi na usukani wao uko kulia, kwa hiyo gari iliyochakaa huko hushuka melini Malindi na kuanza maisha ya pili bila ya kubadilishwa kitu. Niliyoipata ilikuwa Toyota Hilux ya mwaka 1996, ya dizeli, nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya samli. Nilikuja kusoma baadaye kwamba jina Hilux, ambalo kampuni ilianza kulitumia mwaka 1968, limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya anasa ya hali ya juu. Nililisoma jambo hilo nikiwa nimekwisha kuipanda, na nilicheka peke yangu.

Siku ya kuijaribu, mwenyewe alikuwa amepakia nyuma mifuko 12 ya saruji ya kupeleka Tunguu. Akaniambia, twende pamoja, hayo ndiyo majaribio yenyewe. Tukaenda. Gari ilikwenda kwa utulivu kama jahazi lililosheheni, likipanda wimbi na kushuka bila ya papara. Pale njia ilipochimbika, tuliinama kidogo tukainuka, basi. Nilimfikiria mama amekaa mahali pangu, nikaridhika moyoni, na tulipofika Tunguu nilikuwa nimekwisha kukubali shilingi 13,500,000 bila ya kuvutana sana. Yule bwana simlaumu. Hakuniambia uongo hata mmoja, na saruji ilikuwa kweli ni ya kupelekwa Tunguu.

Kesho yake asubuhi niliondoka Malindi, ambako ndiko gari inakolala kwa kuwa mimi nakaa Kiponda na vichochoro vya Mji Mkongwe havikujengwa kwa ajili ya kitu kipana kuliko punda mwenye mzigo. Nilikuwa peke yangu na nyuma hamna kitu. Kabla sijafika Mwanakwerekwe nilikuwa nimekwisha kujua kuwa nimenunua gari nyingine. Kila kokoto lilinipigia hodi kwenye uti wa mgongo. Chupa ya maji iliruka kutoka mahali pake ikaangukia miguuni pangu. Kwenye tuta la kwanza la Jozani, nyuma ya gari ilirushwa juu kama mbuzi aliyepigwa teke, na kichwa changu kikagonga paa.

Nilisimama kando ya msitu. Matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju, ambao asili yao ni Unguja na si penginepo duniani. Barabara ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, gari zikaanza kukimbia, na kima wakawa wanauawa kila mara. Ndipo ikaonekana heri madereva wapunguzwe kasi kuliko kima kumalizika. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini asubuhi ile kima wawili walikuwa juu ya mti wakinitazama nilivyoshika kichwa, na nakiri niliona kwamba kati ya viumbe waliohifadhiwa hapo, mama yangu hakuwamo.

Jambo lililonitia haya zaidi ni fizikia. Kwa miaka 34 nilikuwa nikiandika ubaoni kanuni ya Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17: kadiri unavyoivuta springi ndivyo inavyorefuka, mzigo ukiwa maradufu nayo hurefuka maradufu. Niliwatundikia wanafunzi mawe kwenye springi za maabara, tukahesabu mitikisiko. Jiwe zito hupanda na kushuka taratibu. Jiwe jepesi hutetemeka kwa haraka. Vijana waliandika, wakapasi, wakaenda zao. Nami mwalimu wao nilipelekwa Tunguu juu ya mifuko 12 ya saruji, kilo 600 kamili, na sikukumbuka hata mstari mmoja wa somo langu.

Springi za nyuma za pikapu si kama zile za maabara zilizojikunja. Ni vyuma bapa, vipana kama vidole vinne, vilivyopindwa mfano wa upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, vikafungwa kati kwa bolti moja. Mafundi wengine huviita mabamba, nami nitafuata lugha yao. Ubunifu huo ni wa siku za farasi. Obadiah Elliott wa Uingereza alipewa hati yake ya ubunifu kwa springi za namna hiyo za magari ya farasi mapema katika karne ya 19. Kisiwani kwetu gari ya ng'ombe bado haina springi ya aina yoyote, wala mkokoteni wa hamali wa Darajani, na mwenye kutaka kujua springi ni neema gani na apande gari ya ng'ombe kutoka Dunga mpaka shambani na kurudi.

Fundi wa kwanza niliyemwendea nilimpata kando ya njia. Nilimweleza shida yangu, akainama chini ya gari, akasema mabamba ni mengi mno, tupunguze. Akatoa bamba la chini kabisa, nene kuliko yote na lililonyooka, akalitupa pembeni, nikamlipa. Kurudi nilijaribu kujidanganya kuwa gari imelainika. Haikulainika hata kidogo. Wiki ya pili nilipata kazi ya kubeba nazi 600 zisizofuliwa kutoka shamba moja la upande wa Mahonda, na kwenye njia ya shamba, mahali pa bonde dogo tu, nilisikia kishindo chini yangu nikadhani nimegonga mwamba. Nikashuka, sikuona mwamba. Mhimili wa nyuma ulikuwa umepanda ukagonga chasisi. Ilinibidi nipakue nusu ya nazi na kufanya safari mbili.

Ndipo nilipopelekwa kwa mzee mmoja wa Ng'ambo, ambaye gereji yake ni muembe, makopo, na meza ya chuma. Nilimsalimu, akanikaribisha kiti, akasikiliza mpaka mwisho, tabia ambayo kwa mafundi ni adimu. Nilipofika kwenye habari ya bamba lililotolewa alicheka mpaka akakohoa.

"Maalim," akasema, "lile bamba la chini halifanyi kazi gari ikiwa tupu. Limekaa zake kando, halijagusana na wenzake sawasawa. Linangoja mzigo uje. Wewe umemfukuza aliyekuwa amelala, na waliokuwa wakikupiga umewaacha."

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: magurudumu nimetia upepo kiasi gani. Sikujua. Akapima. Mbele 45, nyuma 55. Tairi zenyewe zilikuwa za mizigo, za tabaka nane, ngumu kama mti. Mwenye gari wa mwanzo alizijaza kwa ajili ya saruji, na mimi nilikuwa nikitembea nazo hivyo hivyo bila ya kitu nyuma. Akazifungua vali moja baada ya moja, pumzi ikatoka kwa mluzi mrefu, akaziacha 30 mbele na 32 nyuma. Akaniambia nizunguke mpaka Mwembeladu nirudi. Nilirudi nikiwa sina la kusema. Robo ya dhiki yangu, au zaidi, ilikuwa ni upepo, na kuuondoa hakukunigharimu hata senti moja. Akanionya tu kuwa siku ya kubeba mzigo mzito niutie tena, nisije nikapasua tairi njiani.

Siku tatu zilizofuata nilishinda pale muembeni, na sikujuta. Nilikuwa nimefundisha nadharia kwa miaka mingi bila ya kuona chuma kikifanya kazi. Kwanza alinionyesha jambo ambalo ningelipaswa kulijua: springi ya bapa inapobanwa na kunyooka, huwa inarefuka. Kwa hiyo ncha yake ya nyuma haifungwi moja kwa moja kwenye chasisi, bali hutundikwa kwa kiungo kifupi kinachobembea ili ipate pa kwendea. Kiungo cha gari yangu kilikuwa kimegandana kwa kutu. Chumvi ya bahari haina haraka. Ilikuwa imekaa miaka mingi inashona vyuma kidogo kidogo, na bushi za mpira zilizokuwamo ndani zimekauka na kumeguka kama mkate wa jana. Springi ilikuwa inataka kurefuka haina njia, ndiyo maana inarudisha pigo lote kwa abiria. Alikipiga nyundo, akakichoma moto, akakimwagia mafuta, na kilipokubali hatimaye kubembea alikisukuma kwa kidole mbele na nyuma mara kadhaa, kama mtu anayemjaribu mtoto pembea.

Kisha akayafungua mabamba. Kati ya bamba na bamba kulikuwa na mchanga na kutu nyekundu unene wa sarafu. Mabamba yanapopinda lazima yateleze moja juu ya jingine, alisema. Haya yamekuwa bamba moja. Kijana wake aliyasugua kwa brashi ya waya kutwa nzima. Kuhusu grisi palikuwa na mjadala, maana kila aliyepita pale muembeni alikuwa na rai yake, wengine wakisema grisi hukusanya vumbi na vumbi likawa msasa. Mzee hakujibu. Alichukua dumu la mafuta ya kula, lile la manjano, akalikata vipande vyembamba, akaviweka kwenye ncha za mabamba, chuma kisisugue chuma. Bamba langu la chini nilikuwa nimelirudisha, namshukuru aliyeniokotea. Akalifunga mahali pake.

Shokapu zilikuwa nne na zote zimekufa. Mbili zimetoa mafuta mpaka zimekuwa nyeusi. Hapa nilikuwa na ubishi kidogo, kwani nilidhani shokapu ndizo zinazolainisha gari, na yeye akaniambia hapana, kulainisha ni kazi ya springi na tairi; kazi ya shokapu ni kumwambia springi basi. Bila yake, tuta moja linakuwa matuta matatu. Nilinunua mpya nne, mbili za mbele rahisi na mbili za nyuma za bei, na ndizo zilizonila fedha kuliko kazi nyingine yoyote.

Nilipomwomba apunguze bamba moja katika yale ya juu yanayofanya kazi, ili gari izidi kuwa laini, alikataa. Nilimweleza habari ya mama. Alinyamaza kidogo, akapangusa mikono.

"Gari hii ni ya tani moja, Maalim. Aliyeiunda hakumfikiria mgonjwa. Nikitoa bamba, leo mama atastarehe, kesho utapakia nazi na mhimili utakatika, na huenda siku hiyo mama yumo. Gari yako haina ubovu sasa. Ina njaa tu. Tia viroba vya mchanga nyuma, utaona."

Lilibaki suala la kiti. Kiti cha gari kilikuwa kimebonyea, nikakipeleka kwa fundi wa makochi akakitia sponji mpya nene. Mama alipokikalia mara ya kwanza, gari ikiwa imesimama uwani kwake, alijiinua na kujiachia mara mbili, akasema kinamrudisha juu. Akamtuma mjukuu wake alete mto wa sufi uliokuwa kitandani kwake, mto mkubwa ulioshindiliwa miaka mingi. Sufi hubonyea ikabaki imebonyea. Haina haja ya kumrudishia mtu kile alichoipa. Nilimtazama, nikamkumbuka mzee wa muembeni na habari zake za shokapu.

Basi siku ya safari nilifika Jambiani alfajiri. Tairi 30 na 32, shokapu mpya, viungo vinabembea, na nyuma viroba sita vya mchanga, ambao siku hizi hauchotwi ovyo, nimeununua kwa fedha kwa mwenye kibali. Nilikuwa nimeridhika kama mwanafunzi aliyepata jawabu. Mama alitoka ameshika fimbo yake. Kimo chake kilikuwa kimepungua, jambo ambalo nilikuwa nikiliona kila nikija na kila nikija nikijifanya sikuliona. Akazunguka nyuma ya gari akachungulia.

"Nini hiki, baba?"

"Mchanga, mama."

"Umeutoa wapi?"

"Mjini."

Alinitazama, akaitazama pwani, ambayo kutoka uwani kwake haizidi hatua mia, nyeupe mpaka upeo wa macho. "Umebeba mchanga kutoka mjini," akasema, "umeuleta Jambiani."

Shoga yake wa nyumba ya pili, aliyekuja kumuaga, alikaa chini kwa kicheko. Nilijitetea. Nilieleza uzito, mitikisiko, njaa ya gari. Nilieleza vizuri, kwa mpango, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Walinisikiliza wote wawili. Mama akauliza swali moja tu: mzigo lazima uwe mchanga? Nikasema hapana, kitu chochote kizito. Akauliza, kiasi gani? Nikasema kilo mia tatu, mia nne. Akamgeukia shoga yake. Haukupita muda viroba vyangu vilikuwa vimeshushwa na vijana chini ya mnazi, na mahali pake vinapandishwa viroba vya mwani mkavu vilivyokuwa vikingoja lori la mnunuzi, furushi la kamba za makumbi, nazi za mtu, na mifuko minne ya chokaa ya jirani mwenye tanuri, anayewauzia mafundi wanaotengeneza nyumba za Mji Mkongwe. Chokaa ndiyo iliyokuwa nzito kuliko vyote. Kuta zetu za mawe na udongo zinaitaka chokaa wala hazipendi saruji, ambayo huzifungia unyevu ndani mpaka zikapasuka. Lakini hiyo ni habari nyingine, na nimekwisha kuiandika kwingineko.

Mama alikaa mbele juu ya mto wake wa sufi, na kanga ameikunja nyuma ya kiuno. Nilikwenda mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Paje tulipita, Kitogani tulipita. Kwenye matuta ya Jozani nilishika usukani kwa mikono miwili nikaingia kwa gia ya kwanza. Gari iliinama mbele, ikainuka, nyuma ikashuka na uzito wake wote, ikatua mara moja, ikatulia. Mama alikuwa amefumba macho. Tuta la pili. La tatu. Tulipotoka msituni aliyafumbua akauliza kama kima walikuwapo, kwa sababu yeye hakuwaona.

Sitaki msomaji afikiri kuwa pikapu ilimponya. Pingili iliyobonyea haikurudi, na usiku wa siku ya safari alikuwa akilala ubavu mmoja tu. Lakini hakukosa tena kadi yake. Mwezi wa pili walikuwa wakimngojea watu watano wenye mizigo, na mwezi wa tatu alikuwa na daftari la skuli la mjukuu wake, ameandikisha humo nani analeta nini, nani kalipa, nani atalipa akiuza. Alijua kuliko mimi kipi kipangwe mbele na kipi nyuma, wala hakukubali mzigo wowote uwekwe nyuma ya gurudumu. Kurudi kulikuwa na orodha yake: unga, sukari, mabati mawili, mafuta ya taa, maana gari tupu hapandi, na hilo alimwambia kila mtu kijijini mpaka likawa sheria. Tulikuwa tukishusha kwanza Mwanakwerekwe, halafu chokaa pale Malindi, ambako hamali huipokea kwa mkokoteni, halafu ndipo hospitali. Mimi, niliyefundisha skuli za sekondari miaka 34, nikawa dereva wa gari ya shamba ya mama yangu.

Mnamo Septemba 2018 daktari alimpima, akaridhika na alivyomwona, akachukua kadi kuandika tarehe ya kurudi. Mama akamuuliza tarehe hiyo itaangukia siku gani ya mwezi wa kiislamu. Daktari, kijana mpole, alihesabu kwenye simu yake akamwambia. Mama akatikisa kichwa.

"Hiyo ni bamvua. Wanawake wote watakuwa pwani, viroba havitakuwa tayari. Nisogeze mbele siku nne."

Daktari aliinua macho akanitazama mimi, kalamu ikiwa juu ya kadi. Nikamwambia aandike kama anavyotaka mwenyewe.